Maswali ya brausa: tabu mia moja, kufuli iliyopotea na fomu iliyomezwa

Wiki jana niliwauliza mnataka brausa ya kesho iwe aje. Nimesoma majibu yote, hata ya yule ameandika kwa herufi kubwa mwanzo mpaka mwisho kama makanga anaitia abiria wa mwisho. Nusu yenu mlijibu vizuri, nusu mkauliza inkognito. Twende.

Simu yangu ile nambari ya tabu imegeuka alama ya kucheka. Ni virusi? Na kwani hawawezi kubuni kitu bora kuliko hizi tabu? (Dada wa Kayole)

Si virusi dadangu. Chrome ya Android ukipita tabu 99 inachoka kuhesabu, inakuwekea nukta mbili na D, utani wa mainjinia tu. Mimi mwenyewe nimekaa na hiyo D karibu mwaka.

Hilo swali lako la pili ndilo tamu. Tabu hazikuletwa ziwe stoo. Opera walikuwa nazo miaka ya 2000 huko, Mozilla wakafuata, na Firefox 1.0 ilipotoka Novemba 2004 ndio watu wengi wakazizoea, na wazo lilikuwa dogo tu, ufungue kurasa mbili tatu bila kujaza madirisha. Sasa chukua simu uangalie zako moja moja. Mimi Jumapili nilikagua za shemeji yangu, kwa ruhusa yake, nikapata bei ya tangi la maji la lita elfu moja mara nne, tangi lilelile, matokeo ya mechi ya mwezi juzi, fomu ya shule aliyosema atamalizia usiku, dawa ya minyoo ya mbuzi, na nyingine nane za kutafuta kitu kimoja kwa maneno yaleyale kwa sababu kila akitaka kitu anafungua mpya badala ya kurudi kwa ile ya zamani. Hizo si kurasa, hayo ni mambo hajamaliza. Tabu kwake ni fundo la leso, amefunga akijua kuna kitu ndani, tatizo ni kwamba mafundo sasa ni mia na leso ni moja.

Na hii tabia si ya shemeji peke yake. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Calgary kule Kanada, Tauscher na Greenberg, walifuatilia watu wakitumia wavuti wakapata asilimia 58 ya kurasa wanazofungua ni pahali wameshawahi kufika. Yaani kazi kubwa ya brausa ni kukurudisha. Tangu 1997! Na mpaka leo ukifungua historia unapewa orodha ya anwani na saa, ndefu kama risiti ya supamaketi.

Wamejaribu, siwanyimi. Firefox mwaka 2011 walileta Panorama, unaburuta tabu unaziweka kwa mafungu, watu wachache wakatumia, 2016 wakaing'oa. Brausa ya Arc ikaja na tabu kando ya skrini, na tabu usiyoiguza kwa masaa 12 inawekwa stoo yenyewe, mashabiki wakaipenda kama timu ya mpira, lakini 2024 wenyewe wakasema hawaiongezi kitu tena wanahamia brausa nyingine. Mimi naona kosa ni moja: wote wanataka wewe ndio upange. Mtu ameacha tabu wazi kwa sababu hana wakati wa kupanga, halafu unamletea kabati. Mimi nataka vitu viwili tu, nikitafuta kitu ambacho tayari niko nacho wazi inipeleke kwa kile cha zamani, na ile tabu nimeandika kitu ndani sijatuma iwe na alama kubwa niione. Basi.

Na usidaunilodi zile programu jalizi za kukupangia tabu kutoka kwa mtu humjui. Ikiomba ruhusa ya kusoma kila ukurasa unaofungua, itasoma.

Nikitumia inkognito bosi anaweza kuona? (Wasomaji sita, wiki moja)

Anaweza. Inkognito haiweki historia kwa mashine yako, mwisho wa maneno. Wifi ya ofisi, kampuni inayokuuzia bando, tovuti yenyewe, wote wako hapo. Google walishtakiwa Marekani 2020 kwa hii mambo na 2024 wakakubali kufuta data walizokusanya watu wakidhani wamejificha, kwa hivyo hamko peke yenu kudanganyika, lakini nimelijibu tangu Januari na sitalijibu tena. Na kama ni kompyuta ya ofisi, kwani ulidhani ni ya nani?

Baada ya apudeti naona pahali pa kuandika anwani pamehamia chini. Nani aliwaomba? (Mzee wa Buruburu)

Mzee wangu, heshima yako, hasira naielewa ila wazo lenyewe si baya. Simu zamani zilikuwa fupi, gumba linafika kila pahali. Sasa ni ndefu kama rula ya mwalimu. Panda matatu ya saa kumi na mbili jioni ukose kiti, mkono mmoja uko kwa chuma cha juu, wa pili uko na simu, halafu dereva anakata kona, sasa nyoosha hilo gumba mpaka juu kabisa tuone. Mwanasaikolojia Paul Fitts alishapima mambo ya namna hii mwaka 1954, kitu kikiwa mbali na kidogo utachelewa kukifikia ama utakikosa. Apple waliteremsha ya Safari 2021, watu wakapiga kelele mpaka ikabidi waweke njia ya kuirudisha juu. Google walianza kujaribu kwa Android karibu 2016, wakaiua 2018, wakarudi nayo 2025.

Kurudisha yako kama ni Chrome, bonyeza hapo kwa anwani ushikilie, utaona chaguo la kuihamisha juu.

Mimi ugomvi wangu ni kufanya kimyakimya. Ni kama kurudi nyumbani usiku upate mwenye ploti amehamisha swichi ya taa, labda pahali ni pazuri kuliko zamani, lakini wewe uko gizani unapapasa ukuta.

Brausa gani ndio kasi? (Wengi)

Chrome, Edge, Opera, Brave, ile ya Samsung, zote zimejengwa juu ya Chromium, msingi mmoja wa Google. Kwa iPhone karibu zote ndani ni WebKit, injini ya Apple, hata ikiandikwa Chrome kwa nje. Mnabishana grafiti ya matatu na injini ni Isuzu ileile. Fungeni tabu.

Mteja anajaza fomu nusu saa, mtandao unapepesuka, akibonyeza kurudi kila kitu kimeenda na lawama ni yangu. Brausa ya kesho itatatua hii ama tuzoee? (Mwenye saiba, Ngara)

Umegusa kidonda ndugu yangu. Mwaka jana nilikuwa kwa saiba nyingine, si yako, nikijaza maombi katika tovuti ya ofisi fulani ambayo siitaji. Kando yangu kuna mama, miwani iko kwa ncha ya pua, kijana wa saiba anamwandikia. Kurasa nne. Jina la baba, lokesheni, sabu-lokesheni, jina la chifu, halafu sanduku la kueleza kwa nini unaomba, na huyo mama alieleza, alieleza vizuri, kijana anaandika kwa vidole viwili, mama anamrekebisha, "hapana, sema alifariki, usiseme alituacha." Wakafika kwa picha ya kitambulisho, ikakataliwa, ni kubwa mno. Kijana akaenda mashine ingine kuipunguza, akarudi, akabonyeza. Ikatokea maandishi mekundu: muda wako umeisha, ingia upya. Mama akaangalia saa ya ukutani akasema, "Umeisha aje na nimelipia saa nzima?"

Nilicheka na baada ya dakika kumi ikanikuta mimi.

Sasa tugawe lawama sawasawa. Ya kwanza ni ya seva, inakufungia mlango ukiwa bado unaandika. Ya pili ni ya brausa, na hii ndio hamuisemi. Ukibonyeza kurudi, brausa iko na njia mbili, inaweza kukutolea ukurasa ulivyokuwa kutoka kwa kumbukumbu yake, na maneno yako yakiwa ndani, ama iulete upya kutoka kwa seva, mtupu. Firefox na Safari wamefanya ile ya kwanza miaka mingi. Chrome walichelewa mpaka 2020 kwa simu na 2021 kwa kompyuta. Lakini tovuti inaweza kuiambia brausa usiweke chochote, na tovuti za benki na za serikali ndizo zinapenda sana kusema hivyo, na brausa kwa kawaida inatii.

Kuna sababu, nisiwe mwongo. Kwa saiba yako huyo mama akitoka mwingine anakaa palepale kiti bado kina joto, akibonyeza kurudi mara mbili, si anaona kitambulisho cha mtu? Kwa hivyo jibu si kuhifadhi kila kitu ovyo. Jibu ni rasimu yenye mwenyewe. Barua pepe inajihifadhia rasimu miaka na mikaka, hakuna mtu anashangaa. Brausa inajua nimeandika maneno mia nne kwa hilo sanduku, inajua sijatuma, inajua mtandao umekatika, basi ikunje hayo maneno iyafungie kwa alama ya kidole ama paswadi, nikirudi inirudishie. Na kwa mashine ya watu wengi kuwe na kitufe kimoja kikubwa, Natoka, ukikigonga kila kitu kinafagiliwa. Hii haihitaji akili mnemba wala miwani ya kuvaa usoni. Lakini haing'ai ukiionyesha jukwaani, ndio maana kila mwaka tunaletewa kona za mviringo zaidi.

Kwa leo fanya hivi. Maelezo marefu yaandikwe kwanza kwa notipadi ndio yabandikwe. Picha zipunguzwe kabla hujafungua fomu, si katikati. Mtandao ukipotea usirifreshi na usirudi, bofya ndani ya sanduku, Control A, Control C, bandika pahali. Na kila mteja mfungulie dirisha la mgeni, Chrome iko nalo, likifungwa limefutika. Na tafadhali acha kuhifadhi paswadi za wateja kwa brausa yako eti ndio wakirudi iwe rahisi, nimeona mashine moja iko na paswadi za nusu ya mtaa, ukibofya tu jina la mtu unaingia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haisemi saiba ndogo mwendelee tu.

Ile kufuli ya kando ya anwani imepotea kwa Chrome. Nimeibiwa? (Mwalimu, Kangemi)

Hapana mwalimu. Waliitoa Septemba 2023 wakaweka alama ya vijiti viwili vya kuteleza. Waligundua watu wanaisoma vibaya, wanadhani kufuli maana yake tovuti ni ya waaminifu, kumbe maana yake ni kwamba mazungumzo yenu hayasikiwi njiani tu. Tapeli naye anapata cheti cha hiyo kufuli bure, shirika la Let's Encrypt wanavitoa tangu 2015, na wamesaidia wavuti sana, lakini hawaulizi kama wewe ni mtu mzuri.

Fundisha darasa lako kusoma anwani kutoka nyuma. Tafuta mkwaju (/) wa kwanza ulio peke yake baada ya ile miwili ya mwanzo, kisha soma kilicho kabla yake. Kama ni ofisi ya serikali yetu, hapo mwisho kwa kawaida ni go.ke. Ikiwa go.ke iko katikati halafu kuna nukta na maneno mengine inaendelea, toka. Chrome mwaka 2020 walijaribu kuonyesha hilo jina kuu peke yake na kuficha mkia wote, 2021 wakaachana na jambo hilo. Mafundi walilalamika wamefichwa mkia. Mimi ningewaachia mafundi chaguo lao na wazazi wangu niwawekee jina kubwa, jeusi, lisomeke bila miwani.

Kwa nini Chrome haipunguzi data kama zamani? (Mwanafunzi, Rongai)

Ile hali ya kupunguza data waliizima Machi 2022. Sababu waliyotoa ni kwamba data imeshuka bei katika nchi nyingi. Labda, mimi bado nanunua bando la saa moja na nikiwa ndani yake natembea haraka kuliko kawaida.

Opera Mini bado inabana, imekuwa ikibana tangu enzi za simu ndogo za kabambe. Ukurasa unapitia kwa seva zao unakamuliwa ndio unaletewa. Lakini kwa sababu unapitia kwao, mambo ya benki usifanyie kwa ile hali ya kubana kabisa.

Ila kitu ningependa ni rahisi kuliko hata kubana. Kabla sijabofya linki niambiwe uzito. Hata matatu unauliza ni ngapi kabla ya kupanda. Sawa, brausa haiwezi kujua uzito wote mpaka ianze, lakini tovuti niliyoenda jana na juzi, uzito wake si unaujua? Niandikie hapo kando, MB 6, niamue mwenyewe kama habari ya mbunge kutukanana inafaa MB 6.

Hizi brausa mpya za AI zinakubofyia na kukujazia kila kitu. Naweza kuiachia iTax yangu? (Mfanyabiashara, Gikomba)

Usithubutu.

Sawa nieleze. Comet ya Perplexity ilitoka Julai 2025, Atlas ya ChatGPT Oktoba mwaka huohuo, unaiambia nitafutie hiki, nijazie kile, inabofya yenyewe wewe ukikunywa chai. Inapendeza kuangalia, nakubali. Shida ni kwamba hiyo kitu haitofautishi vizuri maneno uliyoiambia wewe na maneno imeyasoma kwa ukurasa. Agosti 2025 watu wa Brave walionyesha jinsi maelekezo yaliyofichwa kwa komenti ya Reddit yaliifanya Comet, iliyokuwa imeombwa tu kufupisha ukurasa, iende ikasome barua pepe ya mtumiaji, ichukue namba ya siri ya mara moja na kuitoa nje. Ni kama umemwacha msichana wa kazi nyumbani, mtu akapita getini akasema mama amesema utoe TV, na yeye kwa utiifu wake akaifunga kwa blanketi akamsaidia kubeba.

Itumie kufupisha habari na kulinganisha bei za mitumba ukitaka, ukiwa hujalogi in kwa kitu cha maana. Kodi jaza mwenyewe, kosa likitokea sahihi ni yako si ya roboti.

Na hapa ndio huwa nakasirika, wametumia mabilioni kutengeneza kitu cha kunijazia fomu, na ile fomu nimejijazia mwenyewe kwa mikono yangu bado wanaipoteza. Muulizeni yule mama wa Ngara, sorry, hakuwa wa Ngara.

Brausa ya sauti? Unaongea tu inafanya. (Kijana, Umoja)

Ndani ya matatu useme "nionyeshe salio la benki" kila mtu asikie? Kwa asiyeona ama asiyesoma ni ukombozi na ifanywe vizuri, kwa Kiswahili chetu cha hapa si kile cha taarifa ya habari. Kwa wewe na mimi, tuandike.

Nasomea ubunifu wa programu, nataka kutengeneza brausa ya Kiswahili. Nianze wapi? (Mwanafunzi, Juja)

Usianze na injini. Opera waliiacha yao 2013, Microsoft walitangaza mwisho wa 2018 kwamba Edge inahamia Chromium, na hao wako na pesa. Chukua injini iliyoko, pigana na yanayoonekana.

Anza na maneno. Chrome ukiiweka Kiswahili inakuambia "kichupo", na nimeuliza watu kumi na mmoja kichupo ni nini, mmoja akasema ni chupa ndogo. Tabu wanaijua. Sisemi utupe Kiswahili sanifu, nasema kaa na mtu, mwangalie akitumia, umuulize hii unaiitaje, ndio uandike. Nenda kwa saiba siku moja nzima, si dakika tano za kupiga picha za mradi. Kaa nyuma ya wateja, usiwasaidie hata kama moyo unakuuma, hesabu ni mara ngapi mtu anarudi, mara ngapi anaandika kitu kilekile mara ya pili, mara ngapi anageuka kumwita kijana. Hiyo daftari ndio brausa yako.

Halafu soma kuhusu ile ya kwanza kabisa, Tim Berners-Lee, yule aliyebuni wavuti, aliiandika 1990 akiwa kituo cha utafiti cha CERN, Uswisi. Ilikuwa inasoma na kuandika, ukurasa unaoutazama ungeweza kuuhariri palepale. Zilizofuata na kuenea zikabakisha kusoma tu, na kuandika kukasukumwa ndani ya visanduku vya fomu, na visanduku ndivyo hivyo vinatumeza mpaka leo. Ukitaka wazo la kesho la mradi wako, liko hapo, lina zaidi ya miaka thelathini na halijazeeka. Ukimaliza nitumie, nitaijaribu kwa simu ya shemeji.

Nimefunga tabu kwa bahati mbaya, imeenda? (Dada wa Kayole, tena)

Kwa kompyuta, Control, Shift, T. Kwa simu, menyu, tabu za karibuni. Kama kulikuwa na kitu umeandika ndani, pole.